Safari ya kutafuta mtoto isianzwe na mke peke yake

Fatima binti Abi Hubaish (RA) alimwendea Mtume (SAW) na swali ambalo wanawake wengi wa leo wangeona haya kulitamka hata mbele ya shangazi zao. Damu yake ilikuwa haikati, naye alitaka kujua aache swala mpaka lini. Jibu alilopewa, kama lilivyopokewa katika Bukhari na Muslim, lilitenganisha mambo mawili: hedhi ina siku zake, na damu inayozidi siku hizo inatoka kwenye mshipa, si hedhi. Siku zake zikipita, aoge na aswali.

Swali hilo bado linaulizwa katika darsa za akina mama, Mbeya na Iringa kama kwingineko, na maustadhi wetu hulijibu vizuri kwa upande wa fiqhi. Wanaeleza udhu wa mwenye istihadha, funga yake na ndoa yake. Kinachosahaulika ni kwamba damu ya ugonjwa ni ugonjwa, na ugonjwa una tabibu wake. Mwanamke anayetoka darsani akiijua hukumu ya swala yake, lakini hakuna aliyemwambia apite hospitali, ameondoka na nusu ya alichokifuata. Damu hiyo hiyo inaweza kuwa dalili ya uvimbe kwenye kizazi, au ya mayai yasiyokomaa, au ya maambukizi. Miaka michache baadaye huyo huyo atakaa mbele ya mavyaa yake akiulizwa kwa nini hajashika mimba, na hapo watu watazungumzia jicho, jini na uchawi.

Makala haya yanahusu maradhi hayo ya wanawake yanayozuia uzazi, na tiba zilizopo. Lakini kuna jambo moja ninalotaka msomaji alishike kabla ya mengine yote, kwa sababu ndilo linalokula miaka ya watu katika Nyanda za Juu Kusini: safari ya kutafuta mtoto huanzwa na mtu mmoja, mke, ilhali ugumba ni wa ndoa.

Tanzania ni nchi ya watoto. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2022 ulionesha kuwa mwanamke huzaa kwa wastani watoto 4.8. Katika nchi ya namna hiyo asiyezaa huonekana haraka na husemwa haraka zaidi. Hata hivyo si wachache. Shirika la Afya Duniani lilitangaza Aprili 2023 kuwa takriban mtu mmoja kati ya 6 hupatwa na ugumba wakati fulani wa maisha yake. Ukiwaona watu 30 waliopanga safu moja ya swala ya Ijumaa, hesabu hiyo inakuambia kuwa watano kati yao huenda wanalijua jambo hili kwa ndani, ingawa hawatalisema.

Madaktari huhesabu kuwa wanandoa wana tatizo la ugumba pale wanapokutana kimwili mara kwa mara kwa miezi 12, bila kutumia njia yoyote ya kuzuia mimba, na mimba isiingie. Zaidi ya wanandoa 8 kati ya 10 hupata ujauzito ndani ya mwaka huo wa kwanza. Kwa hiyo bibi harusi wa miezi minne anayeanza kunong'onwa na mawifi si mgonjwa hata kidogo. Kwa upande mwingine, mwanamke aliyetimiza miaka 35 asingoje mwaka. Miezi sita inatosha, kwa sababu mayai ya mwanamke hupungua kwa idadi na kwa ubora, na baada ya umri huo hupungua kwa kasi. Dawa ya kuurudisha muda huo haipo. Fedha iliyopotea kwa mganga inaweza kutafutwa tena shambani, lakini miaka 6 iliyopotea kati ya 30 na 36 haitafutwi popote.

Tuchukue mfano wa wanandoa wa Rujewa, wilayani Mbarali. Mke ana miaka 27, mume 34. Mwaka wa pili wa ndoa unapita bila mimba. Mke anapelekwa kwa bibi mmoja anayekanda tumbo, kisha anatumiwa unga wa kusafisha kizazi kutoka mjini, kisha anapigiwa ramli, jambo ambalo sote tunaijua hukumu yake. Mwaka wa tano anapigwa altrasaundi, kizazi kinaonekana salama. Mwaka wa saba ndipo daktari anauliza: mzee mwenyewe amepimwa? Mzee anakasirika. Mimi sioni sababu ya hasira hiyo, kwa maana katika takriban nusu ya ndoa zenye ugumba mume ana mchango wake, peke yake au pamoja na mkewe, na kipimo chake ndicho chepesi kuliko vyote. Hakichomi, hakina kisu, na majibu yake hupatikana upesi.

Kipimo chenyewe ni kuangalia manii kwa darubini. Mume anatakiwa akae bila tendo la ndoa kwa siku 2 hadi 7. Maabara huhesabu mbegu, huangalia mwendo wake na umbo lake. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021, mpaka wa chini ni jumla ya mbegu milioni 39 katika manii ya mara moja. Aliye chini ya hapo hajahukumiwa kuwa tasa. Anatakiwa kurudia kipimo baada ya wiki kadhaa na kutafutiwa sababu. Huenda ni mishipa iliyovimba kwenye korodani, matubwitubwi aliyougua baada ya kubalehe, maambukizi ya zamani yaliyoziba njia ya mbegu, au sigara na pombe. Baadhi ya sababu hizi zina tiba.

Wengi huuliza namna ya kuyapata manii hayo bila kuingia katika haramu. Wanachuoni wengi wanaelekeza yatolewe kwa tendo la ndoa na mke, mume akimwaga nje katika chombo safi alichopewa na maabara. Azli ilijulikana kwa Masahaba, kama alivyopokea Jabir (RA). Wako pia walioruhusu njia nyingine pale inaposhindikana, na mwenye shaka amuulize sheikh wake. Kondomu za kawaida za dukani zisitumike kwa kazi hii, kwani huharibu mbegu. Chombo kifike maabara ndani ya saa moja, kikiwa na joto la mwili. Kwa baridi ya Mafinga ya mwezi wa Julai, mfuko wa ndani wa koti ndio mahali pake.

Na tuliseme hili wazi: nguvu za kiume na mbegu za kiume ni vitu viwili. Mwanamume anaweza kuwa hodari kitandani na manii yake yasiwe na mbegu hata moja. Vilevile mtoto aliyezaa na mke wa zamani hathibitishi lolote kuhusu leo. Wale wanaokimbilia dawa za kuongeza nguvu wajue kwamba homoni ya kiume ikiingizwa mwilini kwa sindano au vidonge, korodani hupunguza kutengeneza mbegu, na wengine huacha kabisa kwa muda.

Mume akishapimwa, tugeukie upande wa mke. Hapa bara letu lina historia yake. Kati ya mwaka 1979 na 1984 Shirika la Afya Duniani liliwachunguza maelfu ya wanandoa wenye ugumba katika nchi 25, na matokeo yakachapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1985. Swali lililoulizwa ni kama Afrika ina tofauti. Jibu lilikuwa ndiyo: wanawake wa Afrika walikutwa na mirija iliyoharibiwa na maambukizi kwa kiwango kikubwa kuliko wenzao wa mabara mengine. Jambo hilo linauma na linatia moyo kwa pamoja, maana maambukizi ni kitu kinachozuilika.

Mirija ya uzazi ni miwili, myembamba, na tundu lake la ndani karibu na kizazi halizidi unene wa uzi. Humo ndimo yai na mbegu hukutana. Klamidia na kisonono hupanda kutoka ukeni hadi kizazini na kwenye mirija, mara nyingi bila homa wala maumivu makali, na kuacha makovu yanayoziba njia. Maambukizi ya namna hiyo, ambayo hospitalini huitwa PID, huweza pia kuingia baada ya kujifungua au baada ya mimba kuharibika, hasa pale usafi ulipokosekana. Ndiyo maana mwanamke mwenye mtoto mmoja anaweza kushindwa kupata wa pili, naye husumbuliwa zaidi kwa kuwa kila mtu anamwambia ashukuru alichonacho. Kifua kikuu nacho, ambacho wengi wanakijua kwa kikohozi tu, huweza kujificha kwenye mirija kwa miaka bila mgonjwa kukohoa hata mara moja. Na wanaolima mpunga wakiwa wamesimama majini wakumbuke kwamba kichocho cha mkojo huweza kushambulia via vya uzazi vya mwanamke; kinatibika kwa vidonge vya prazikwanteli, lakini mapema, kabla makovu hayajakomaa.

Katika maduka ya dawa kuna desturi inayonisikitisha. Mwanamke analalamika maumivu chini ya kitovu na uchafu ukeni, anaambiwa ana UTI sugu, anauziwa antibiotiki bila kipimo. Anapata nafuu, mwezi wa pili yanarudi, anauziwa nyingine. Mumewe hajaguswa. Anatibiwa dukani na kuambukizwa upya nyumbani, na kila mara mirija inapata kovu jingine. Maambukizi haya hutibiwa kwa wote wawili, wakati mmoja, na kwa dozi kamili. Wala ugonjwa ukionekana usigeuzwe ushahidi wa zinaa, kwani klamidia inaweza kukaa kimya mwilini muda mrefu na ikawa imetangulia ndoa yenyewe. Nyumba nyingi zimevunjika kwa karatasi ya maabara iliyosomwa kwa hasira.

Kwa kuwa tunazungumzia maambukizi, VVU haiwezi kurukwa katika ukanda huu. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta kiwango cha asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya kwa watu wazima, juu sana ya wastani wa taifa. Anayeishi na VVU na kutumia dawa zake vizuri anaweza kupata mtoto asiye na maambukizi. Aseme kliniki mapema kwamba anataka mimba, ili wingi wa virusi upimwe kwanza.

Mirija hupimwa kwa picha ya eksirei inayoitwa HSG: dawa yenye rangi hupitishwa kwenye kizazi na picha huonesha kama imemwagika upande wa pili. Picha hii hupigwa baada ya damu ya hedhi kukatika na kabla ya siku ya 10 hivi, ukihesabu kutoka siku ya kwanza ya damu. Hapa dada zetu wana neema ambayo hawaijui. Mwanamke anayechunga swala yake huhesabu siku zake za hedhi na tohara tangu alipobalehe. Hesabu hiyo hiyo ndiyo daktari anayoililia. Anayetoka Kyela au Makete kwenda mjini apige simu hospitali siku ya kwanza ya hedhi, apangiwe, ndipo apande gari. Wengi hufika siku ya 17 wakarudishwa, nauli imekwenda na mwezi umekwenda.

Picha ikionesha mirija imeziba, njia hutegemea mahali na kiasi. Mingine hufunguliwa kwa upasuaji wa matundu madogo. Iliyojaa maji na kuvimba mara nyingi hushauriwa itolewe au ifungwe, kwa kuwa maji yake hudhuru mimba inayotaka kujishika, na hapo mke na mume hubaki na njia ya kutungisha mimba nje ya mwili. Lakini hakuna unga, mvuke wala kidonge cha kuweka ukeni kinachozibua mirija. Kinachoziba ni kovu, na kovu halioshwi. Matangazo ya dawa za kusafisha kizazi yametumia neno hilo kwa ujanja, maana wanawake wanajua kuwa hospitalini mtu husafishwa baada ya mimba kuharibika. Yale ni matibabu ya kutoa mabaki ya mimba, na hata yenyewe yakifanywa vibaya au kurudiwa mara nyingi huweza kugandisha kuta za kizazi. Kizazi kisicho na mabaki hakina cha kusafishwa.

Uvimbe wa misuli ya kizazi, ambao sasa wengi wanauita faibroidi, ni jambo jingine kabisa. Si saratani. Wanawake weusi huupata zaidi na mapema kuliko wengine. Wapo wanaotembea na uvimbe mkubwa bila kujua, na wapo ambao tumbo linakua, mtaa unawapongeza, na wao wananyamaza kwa aibu ya kusema hakuna mtoto. Kwa uzazi, ukubwa si hoja kuu. Hoja ni mahali. Uvimbe mdogo uliochomoza ndani ya kizazi huzuia mimba na huleta damu nyingi isiyokatika, ile ya swali la Fatima binti Abi Hubaish. Uvimbe mkubwa ulioning'inia nje unaweza usizuie chochote. Kwa hiyo si kila uvimbe ni wa kukatwa, na si kila altrasaundi yenye neno uvimbe imeeleza sababu ya ugumba.

Ukilazimu kutolewa, kuna upasuaji wa aina mbili na mgonjwa aujue kwa jina kabla ya kutia sahihi. Mmoja hutoa uvimbe na kuacha kizazi. Mwingine hutoa kizazi chote. Anayetaka mtoto aulize kwa sauti: daktari, kizazi kitabaki? Na kama kuna hatari ya kukiondoa ili kuokoa maisha, ajue kabla. Damu yake ipimwe na kuongezwa kama imepungua, maana waliovuja miezi mingi huingia chumba cha upasuaji wakiwa wamepauka. Baada ya kupona hungoja miezi kadhaa kabla ya kubeba mimba, na wakati wa kujifungua asiende zahanati ya kijijini. Kizazi chenye mshono kinahitaji hospitali yenye uwezo wa upasuaji. Aelewe pia kwamba uvimbe huweza kuota tena.

Kuna wasiopevusha mayai. Hedhi yao huja baada ya siku 40, 60, au mara tatu kwa mwaka; wengine huota ndevu, chunusi na nywele kifuani, wengine hunenepa. Hali hii madaktari huiita PCOS, na hupatikana kwa takriban mwanamke mmoja kati ya 10. Ni katika sababu za ugumba zinazotibika vizuri zaidi. Aliye mnene akipunguza hata asilimia 5 ya uzito wake, yai huweza kurudi lenyewe. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2023 unaitaja letrozoli kuwa dawa ya kwanza ya kupevusha mayai. Klomifeni ni ya zamani zaidi na bado inafaa, na metformini husaidia baadhi. Tatizo ni kwamba klomifeni hununuliwa kama peremende. Mwanamke huimeza miezi minane, yai linapevuka kweli, lakini mirija imeziba au mume hana mbegu. Tena inaweza kuleta mapacha watatu, au kuvimbisha ovari. Dawa ya yai hutolewa baada ya kipimo cha mume, na ifuatiliwe kwa altrasaundi pale inapowezekana.

Sasa chango. Bibi zetu waliita chango maumivu mengi yaliyokusanyika chini ya jina moja, na sina nia ya kuwacheka. Walikuwa wanataja kitu wanachokiona. Sehemu ya chango hilo leo ina jina la endometriosisi. Nyama inayofanana na ile inayotanda ndani ya kizazi huota nje yake, kwenye ovari, mirija na nyuma ya kizazi, na kila mwezi huvuja damu isiyo na pa kutokea. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa wanawake milioni 190 duniani wanayo, karibu asilimia 10 ya walio katika umri wa kuzaa, na hupita miaka mingi kabla ya kugunduliwa. Kwetu sababu ya kuchelewa inajulikana: binti anajikunja kwa maumivu, anakosa shule na madrasa siku tatu kila mwezi, na anaambiwa akiolewa na kuzaa litaisha. Kisha anaolewa, na hazai. Altrasaundi inaweza kuonesha kila kitu salama. Dawa za homoni hutuliza maumivu lakini huzuia mimba kwa muda zinapotumika, kwa hiyo anayetafuta mtoto atashauriwa vingine: upasuaji wa matundu madogo kuondoa nyama hizo na makovu, au kutungisha mimba nje ya mwili mapema kuliko wenzake. Mama mwenye binti wa namna hiyo ndani ya nyumba asingoje posa.

Liko na la shingoni. Wazee wa Makete na Ludewa, wilaya zilizokuwa Mkoa wa Iringa kabla ya Njombe kuwa mkoa mwaka 2012, wanakumbuka enzi ambazo rovu lilikuwa jambo la kawaida milimani, kwa kuwa udongo na maji vilikosa madini joto. Vidonge vya mafuta yenye madini joto viligawiwa, kisha chumvi ikawekewa madini hayo, na shingo zikapungua. Lakini tezi hiyo ikilegea au ikizidisha kazi huvuruga hedhi na kuharibu mimba changa, hata bila uvimbe kuonekana. Kipimo chake ni cha damu tu na tiba yake ni vidonge. Mtu anayechoka bila sababu, anayehisi baridi kuliko wenzake hata kwa hali ya hewa ya Iringa, na hedhi yake imevurugika, auombe.

Mahali pa kuanzia ni karibu kuliko watu wanavyodhani. Kituo cha afya na hospitali ya wilaya hutibu maambukizi na kuandika rufaa. Mbele yake iko Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa, na nje kidogo ya mji ipo Tosamaganga. Kwa Mbeya kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda, ambayo kitengo chake cha wazazi kiko Meta, nayo inahudumia mikoa saba ya ukanda huu kuanzia Iringa hadi Katavi. Sehemu kubwa ya niliyoyaeleza huanzia na hutatuliwa katika ngazi hizi. Kuruka moja kwa moja hadi Dar es Salaam bila kipimo cha mume wala picha ya HSG ni kwenda kulipia mjini kipimo ambacho ungekifanya karibu na nyumbani.

Kutungisha mimba nje ya mwili, au kupandikiza mimba kama wengi wanavyosema, ni hatua ya mwisho. Mtoto wa kwanza duniani kwa njia hiyo alizaliwa Uingereza Julai 1978; Kampala walimpata wa kwanza mwaka 2004 na Nairobi 2006. Kwa mtu wa Mbeya, huduma hiyo ipo Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kwa barabara, na Iringa kama 500. Gharama ni mamilioni ya shilingi kwa jaribio moja, achilia mbali malazi, kwa maana sindano za kukuza mayai huchukua siku 10 hivi na altrasaundi hurudiwa mara kwa mara. Hata katika vituo bora vya dunia majaribio mengi hayafanikiwi, na umri wa mke ndio unaoamua zaidi. Anayeuza shamba aujue ukweli huo kabla ya kuuza.

Hukumu yake haina giza kama watu wanavyofikiri. Machi 1980 Mufti wa Misri, Sheikh Jad al-Haqq, alitoa fatwa ya kuruhusu kwa mke na mume. Oktoba 1986 Baraza la Kimataifa la Fiqhi lilikutana Amman, likazipitia njia saba, likaharamisha tano na kuruhusu mbili: mbegu za mume kuwekwa katika kizazi cha mkewe, na yai la mke kutungishwa nje kwa mbegu za mumewe kisha kurudishwa katika kizazi chake huyo huyo. Mbegu, yai au kizazi cha mtu wa tatu haviingii. Wenye uke wenza wazingatie kwamba yai la mke mmoja kupandikizwa kwa mke mwenzake ni katika zile tano zilizoharamishwa, hata kama mume ni mmoja na wote wameridhia. Ndoa iwe hai. Baada ya talaka au kifo mlango umefungwa. Mwaka 1990 Baraza hilo likaelekeza yatungishwe mayai ya kiasi kinachohitajika tu, ili kusiwe na ziada. Baadhi ya wanachuoni wa Kishia wana rai tofauti kuhusu mtu wa tatu. Wanandoa waulize kituo, kabla ya kulipa, namna sampuli zinavyowekewa majina na kinachofanyiwa ziada.

Haya ya kuvuliwa nguo mbele ya daktari mwanamume imewarudisha wengi nyumbani. Baraza hilo lililijadili mwaka 1993 huko Brunei, likaweka mpangilio: daktari mwanamke Mwislamu kwanza, akikosekana mwanamke asiye Mwislamu, kisha mwanamume Mwislamu, kisha mwanamume asiye Mwislamu, na awepo mume, maharimu au mwanamke mwaminifu chumbani. Omba daktari wa kike, ni haki yako kuomba. Asipokuwepo, usirudi Chimala na ugonjwa wako.

Mume akitaka kuoa mke wa pili, sheria imempa nafasi hiyo kwa masharti yake. Lakini kumwoa binti wa watu ili awe kipimo cha maabara, kabla ya yeye mwenyewe kupimwa, ni dhulma kwa wake wawili. Aisha (RA) hakuzaa, na Mtume (SAW) alimruhusu ajiite Ummu Abdillah kwa jina la mtoto wa dada yake. Hakuna aliyempunguzia daraja. Surat Ash-Shura inataja kwamba Allah humpa amtakaye wana wa kike, amtakaye wa kiume, na amtakaye humfanya asizae, na haikusema kuwa huyo wa mwisho ni mwanamke.

Watakaokwenda kliniki wiki hii, waende wawili. Wachukue daftari la siku za hedhi za miezi sita, orodha ya dawa zote zilizotumika pamoja na za miti shamba, kadi za mimba zilizoharibika na za upasuaji uliopita, na bahasha ya picha na majibu ya zamani. Picha ya HSG iliyopigwa Iringa inasomeka Mbeya, na inasomeka Dar es Salaam. Ikiachwa juu ya kabati itapigwa upya na kulipiwa upya.